Kutoka Law School hadi ofisi ya mawakili wa biashara: mwongozo kamili wa kazi za kila siku za mwanafunzi wa vitendo

Ukimaliza vipindi vya darasani pale Law School of Tanzania, shule ya mafunzo ya uwakili, na kupokelewa katika ofisi ya mawakili wanaoshughulika na sheria za biashara, hakuna anayekusubiri uje kutoa hoja. Kampuni fulani inataka mkopo, benki inataka dhamana, mwekezaji anataka kununua hisa, na wakili anayekusimamia amezungukwa na majalada. Anachotaka kwako ni kazi ambayo akiipokea jioni anaisoma mara moja, anarekebisha maneno mawili matatu, anaituma kwa mteja. Ukimpa kazi ambayo lazima aianze upya, umemwongezea mzigo, hata kama ulikesha ukiiandika. Karibu kila ninachokieleza hapa chini kinalenga hapo.

Naandika nikiwa na Dar es Salaam akilini, kwa sababu ndiko wengi mnakopangiwa. Aliyeko Arusha au Mwanza atakuta mambo yaleyale. Zanzibar ni habari nyingine: ina sheria zake za ardhi na za kampuni, na kampuni za kule husajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, si BRELA, wakala wa usajili wa kampuni wa Tanzania Bara. Barua inayomwambia mteja wa Unguja aende BRELA inamaliza imani yake kabla hajafika aya ya pili.

## Kabla ya siku ya kwanza

Mavazi hayahitaji maelezo marefu. Suti nyeusi au ya bluu iliyokoza, shati jeupe, viatu vilivyofunika vidole. Joho na bendi si vyako bado. Acha koti moja ofisini, kwa sababu siku utakayokuja bila koti ndiyo siku utakayoambiwa, "Twende mahakamani."

Kuhusu kuitana: mawakili huitana "Wakili", na wakiwa kwenye shughuli rasmi "Wakili msomi". Jaji na hakimu ni "Mheshimiwa". Katibu muhtasi na karani wa ofisi wasalimie kama watu wazima wanavyosalimiwa kwetu, shikamoo kwa anayestahili shikamoo. Karani aliyezunguka masijala za mji huu kwa miaka mingi anajua dirisha lipi linapokea nini, fomu ipi imebadilika, na nani yuko likizo. Hakuna mhadhara utakaokupa hayo.

Jambo la maana zaidi ni sheria zenyewe. Toleo la Urekebu la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na katika sheria nyingi namba za vifungu zimesogea. Violezo vingi vya mikataba na barua vilivyomo kwenye kompyuta za ofisi viliandikwa kwa namba za zamani. Kila unapokuta kifungu kimetajwa, kifungue kwenye toleo jipya ukahakikishe. Kwa sababu hiyohiyo sitaji namba za vifungu humu; nataja sheria, namba utaitafuta mwenyewe, na kuitafuta ni sehemu ya kazi.

Sheria unazopaswa kuwa nazo kwenye simu na kompyuta tangu wiki ya kwanza ni ya Kampuni ya 2002, ya Ardhi ya 1999, ya Mikataba, ya Ushuru wa Stempu, ya Ukomo wa Muda, ya Mawakili, na ile ya Kamishna wa Viapo na Mthibitishaji wa Umma. Ongeza Sheria ya Ushindani ya 2003 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hukumu utazipata TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, bila malipo.

## Asubuhi: anza na tarehe

Fika kabla ya saa mbili. Usianze na barua pepe. Anza na kalenda ya ofisi. Ofisi nyingi bado zina daftari kubwa la tarehe pamoja na kalenda ya kompyuta, na vitu hivyo viwili havifanani kila wakati. Kazi yako ya kwanza ya siku iwe kuvilinganisha: kesi zinazotajwa leo, nyaraka ambazo muda wake unaisha wiki hii, mikutano ya wateja, leseni na hati zinazokwisha mwezi huu.

Baadhi ya siku zinafaa kukaa kichwani. Mdaiwa katika shauri la madai ana siku 21 tangu alipopewa wito kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Mkataba unaotozwa ushuru wa stempu hulipiwa ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Dhamana iliyotolewa na kampuni husajiliwa BRELA ndani ya siku 42 tangu ilipoundwa. Dai linalotokana na mkataba lina miaka 6. Unapoingiza tarehe ya mwisho kwenye kalenda, ingiza na tahadhari mbili: moja wiki moja kabla, nyingine siku tatu kabla. Andika pia umehesabu kuanzia wapi, kwa mfano "siku 21 kutoka 4 Machi, wito ulipopokelewa na katibu muhtasi wa mteja". Atakayekuja kuhakiki hesabu yako asilazimike kukisia.

Kuwasilisha nyaraka kwa mtandao kumewafanya watu wazembee. Kanuni za 2018 zinahesabu waraka ulioingizwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku kuwa wa siku hiyo. Lakini mabishano kuhusu waraka ulioingizwa leo na ada yake kulipwa kesho yamefika mbele ya majaji zaidi ya mara moja. Usijitie kwenye mabishano hayo. Ingiza mapema, pata namba ya malipo, lipa siku hiyohiyo, na uhifadhi risiti ndani ya jalada.

## Unapopewa kazi

Wakili mwenye haraka hutoa maelekezo akiwa amesimama mlangoni: "Niangalizie hii kampuni, halafu uone ule mkataba wao." Ukijibu "sawa" na kuondoka, utafanya kazi ya saa nne isiyo aliyoitaka.

Uliza manne tu. Mteja wetu ni nani kati ya hawa? Kazi itamfikia nani, yeye au mteja? Inatakiwa lini, na ni saa ya kuiona yeye au saa ya kuituma? Kuna jalada la zamani au kiolezo cha kufuata? Baada ya hapo mtumie ujumbe mfupi wa kuthibitisha:

"Wakili, nimeelewa hivi: nifanye upekuzi wa BRELA wa kampuni inayouza, nione kama wakurugenzi waliosaini mkataba wa 2021 walikuwa wakurugenzi siku hiyo, nikuletee ukurasa mmoja kesho saa nne asubuhi. Mteja wetu ni mnunuzi. Nisahihishe kama nimekosea."

Atakujibu "ndiyo" au atasema kitu alichosahau. Vyote vinakufaa. Na ukiona saa nne hiyo haitafikika, sema saa mbili, si saa nne kasorobo.

## Upekuzi wa kampuni

Hii ndiyo kazi utakayoifanya mara nyingi kuliko nyingine, na wengi huichukulia kama kuchapisha karatasi. Unaingia kwenye mfumo wa BRELA, unaomba taarifa za kampuni, unapata namba ya malipo, unalipa, taarifa inakuja. Mpaka hapo hujafanya kitu ambacho karani asingefanya. Kazi inaanza unapoisoma.

Soma jina herufi kwa herufi pamoja na namba ya usajili. Mji huu una kampuni zinazofanana majina kiasi cha kutofautiana kwa neno moja, "Traders" na "Trading", na wenye nazo ni ndugu. Linganisha jina la kwenye usajili na la kwenye mkataba, la kwenye hatimiliki, na la kwenye cheti cha mlipakodi. Tofauti yoyote, hata ya herufi moja, iandike.

Angalia wakurugenzi na tarehe walizoteuliwa. Swali la kujiuliza ni nani alikuwa mkurugenzi siku mkataba uliposainiwa, maana wa leo si lazima awe ndiye wa siku ile. Kisha wanahisa: nani ana hisa ngapi, zimelipiwa, zimewahi kuhamishwa, na uhamisho uliandikishwa? Mwanahisa aliyefariki huku hisa zikiwa bado kwa jina lake ni jambo la kawaida sana katika kampuni za familia, na linaweza kusimamisha mauzo mpaka msimamizi wa mirathi apatikane. Angalia pia wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na kampuni au kuidhibiti, ambao sheria inataka watajwe tangu mabadiliko ya 2020.

Halafu dhamana. Kampuni inaweza kuonekana safi ilhali ina mkopo wa 2014 uliolipwa zamani lakini dhamana yake haijawahi kufutwa kwenye daftari. Hilo si kosa la jinai, ila benki mpya haitatoa hata shilingi mpaka lifutwe, na kulifuta kunahitaji barua ya benki ya zamani. Ukiligundua siku ya kwanza, mteja ana muda wa kuifuatilia. Ukiligundua siku ya kusaini, simu zitakazopigwa hutazipenda.

Tahadhari moja: kwa kampuni zilizosajiliwa kabla ya mfumo wa mtandao, kilichomo kwenye mfumo kinaweza kuwa pungufu kuliko kilichomo kwenye jalada la karatasi. Taarifa za mwaka ambazo hazikuwasilishwa, anwani ya zamani, mkurugenzi aliyejiuzulu akabaki kwenye orodha. Omba kuona na yale ya zamani, na uandike kwenye taarifa yako umeona nini na hukuona nini.

## Jalada la mkopo, hatua kwa hatua

Kama ofisi yako inafanya kazi za benki, hapa ndipo utakapoishi. Chukua mfano wa kawaida: kampuni inakopa, mkurugenzi mmoja anaweka kiwanja chenye nyumba kama rehani, kampuni inatoa dhamana juu ya mali zake zote, na wakurugenzi wanatoa dhamana binafsi.

Tengeneza kwanza jedwali la masharti ya awali, yaani yale yote ambayo lazima yatimie ndipo fedha zitoke. Safu zake: sharti lenyewe, nani wa kulitimiza, limefika au bado, lina kasoro gani, tarehe. Jedwali hili ndilo litakalozungumza kwenye kila simu kati ya benki, mkopaji na nyinyi. Lisasishe kila jioni, si kila wiki.

Upekuzi wa ardhi unafuata. Unaomba kwa Msajili wa Hati, na majibu yanakuja kwa maandishi. Soma jina la mmiliki, namba ya kiwanja na kitalu, muda wa hati, matumizi yaliyoruhusiwa, na kama kuna rehani nyingine au kaveati, yaani zuio lililoandikishwa dhidi ya hati. Hati hutolewa kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo fanya hesabu ya iliyobaki: hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 haifai kabisa kwa mkopo wa miaka 7 utakaotolewa sasa. Ulizia risiti ya kodi ya pango la ardhi. Na kama mkopaji ni kampuni ambayo hisa zake nyingi zinamilikiwa na wageni, simama hapo. Sheria ya ardhi haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na njia anazopitia ni tofauti.

Sasa ridhaa ya mwenza. Rehani juu ya nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mke au mume, na benki ina wajibu wa kuulizia. Usikubali jibu la "sijaoa" kwa mdomo. Linawekwa kwenye hati ya kiapo. Kama mwenye nyumba ana wake zaidi ya mmoja, ulizia kuhusu wote na nani anaishi wapi. Maswali haya yana aibu kidogo kumuuliza mzee wa miaka 60, lakini waulize kwa heshima, kwa faragha, bila kuzungukazunguka. Kesi za wake waliopinga nyumba kuuzwa na benki zimejaa kwenye TanzLII. Soma tano kabla hujaandaa fomu yako ya kwanza, utaelewa kwa nini wakili wako anang'ang'ania karatasi ile.

Azimio la bodi lina mitego yake. Lionyeshe kiasi cha mkopo, jina la benki, mali zinazowekwa dhamana, na nani ameruhusiwa kusaini. Kabla ya hapo fungua katiba ya kampuni uone kama wakurugenzi wana mamlaka ya kukopa kiasi hicho au wanahitaji wanahisa, na akidi ya kikao ni watu wangapi. Azimio lililosainiwa na wawili wakati akidi ni watatu ni karatasi tu.

Baada ya kusaini ndipo wanafunzi wengi hupumua, na ndipo hatari ilipo. Ushuru wa stempu ulipwe TRA. Waraka usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Rehani isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Dhamana zilizotolewa na kampuni zipelekwe BRELA, ndani ya zile siku 42, zinazohesabiwa tangu dhamana ilipoundwa na wala si tangu fedha zilipotoka. Usisubiri usajili wa ardhi ukamilike ndipo uanze kufikiria BRELA, yaende sambamba. Dhamana isiyosajiliwa kwa wakati haina nguvu dhidi ya mfilisi na wadai wengine, na kurekebisha hilo kunaweza kuwapeleka mahakamani kuomba muda. Benki inakumbuka ofisi iliyoifikisha huko.

## Kusoma mkataba

Wenye haraka husoma mkataba kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kama gazeti. Mimi napendekeza uusome mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja.

Mara ya kwanza ni ya biashara: nani anampa nani nini, kwa bei gani, lini, na likiharibika inakuwaje. Ukishindwa kuliandika hilo kwa mistari mitano ya Kiswahili cha kawaida, bado hujauelewa, hata kama umeelewa kila neno. Mara ya pili ni ya mifupa: kila neno lililofafanuliwa linatumika vilevile mpaka mwisho? Kifungu cha 9.3 kinachorejea 14.2, je, 14.2 ipo na inasema jambo hilo? Viambatisho vyote vimo? Mikataba mingi imeunganishwa kutoka mikataba mingine miwili, na mshono unaonekana hapohapo: "Mnunuzi" anageuka "Mpangaji" katikati ya ukurasa wa 11.

Mara ya tatu tafuta yanayomgusa mteja wako mfukoni. Bei inajumuisha VAT au la? Kodi ya zuio inakatwa na nani, na bei imeandikwa kabla au baada ya kukatwa? Mkataba unavunjwaje, kwa notisi ya siku ngapi, na vifungu gani vinaendelea kuwa na nguvu baada ya kuvunjwa? Migogoro inakwenda mahakamani au kwa usuluhishi chini ya sheria ya 2020, na wasuluhishi watakaa wapi? Katika mikataba ya madini na maliasili soma pia sheria za 2017 kabla hujagusa kifungu cha migogoro.

Fedha ya malipo sasa ni swali la kisheria. Kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, pamoja na vighairi vilivyotajwa humo. Mikataba ya pango la ofisi za Posta, Upanga na Masaki ilikuwa imezoea dola. Ukikuta kiolezo chenye "USD" kwa huduma inayotolewa hapahapa, usibadilishe tu alama ya fedha. Mweleze wakili, kwa sababu kifungu cha kupandisha bei kila mwaka nacho huenda kilijengwa juu ya dola.

Unapoweka maoni yako pembeni, tenganisha matatu: kosa la uandishi, hatari kwa mteja, na jambo la kuuliza. Wakili akikuta maoni 60 yenye uzito uleule, hatayasoma.

## Utafiti na dokezo

Dokezo zuri la ndani lina jibu kwenye aya ya kwanza. Swali, jibu, sababu kwa ufupi, mashaka yaliyobaki. Historia ya sheria tangu mkoloni iache. Muulize aliyekutuma kama anataka ukurasa mmoja au kumi, kisha umpe mmoja.

Kwenye hukumu, hakikisha mahakama gani ilisema, na kama Mahakama ya Rufani imewahi kusema kinyume. Hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka jana inayokupendeza inaweza kuwa imetenguliwa. Usinukuu hukumu ambayo hujaifungua na kuisoma mwenyewe. Programu za akili unde zinaweza kukupangia hoja vizuri na wakati huohuo kukubunia kesi isiyokuwepo. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi za namna hiyo. Na ukibandika humo mkataba wa mteja, umeutoa nje ya ofisi.

Suala la kuunganisha kampuni au kununua hisa nyingi likija, fikiria Tume ya Ushindani mapema. Kiwango cha kulazimu taarifa kilipandishwa mwaka 2017 kutoka shilingi milioni 800 hadi bilioni 3.5, kihakiki kama bado ndicho, kisha uombe hesabu za kampuni zote mbili kabla mtu hajaanza kusherehekea.

## Siku ya mahakamani

Ofisi ya biashara haiendi mahakamani kila siku, lakini ikienda, aghalabu ni Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, iliyoanzishwa 1999. Huwezi kusimama kuzungumza kama wakili. Unabeba, unaandika, unasikiliza. Katika mashauri yaliyofunguliwa kwa hati ya madai, mashahidi pale hutoa ushahidi wao mkuu kwa taarifa za maandishi, kwa hiyo uandishi wa ofisini ndio unaoamua mengi. Mahojiano ya kinyume ndiyo hufanyika mbele ya jaji. Andika amri iliyotolewa kwa maneno ya Mheshimiwa, tarehe inayofuata, na nani alihudhuria. Kabla ya saa nane mchana taarifa ya aya moja iwe kwa mteja, kwa lugha anayoisoma.

Hati za kiapo zinastahili aya yake. Zinatupwa kwa vitu vidogo: kamishna wa viapo hakuandika jina lake, mahali au tarehe ya kiapo imeachwa wazi, uthibitisho hausemi aya zipi ni za kujua mwenyewe na zipi za kuambiwa na nani. Au zimejaa hoja za kisheria, jambo lililokatazwa tangu kesi ya Ex parte Matovu ya Uganda ya 1966, ambayo bado utaisikia ikitajwa mahakamani. Kagua hayo kabla hujaipeleka kwa kamishna, na ukague tena ikirudi.

## Siku ya kusaini

Jana yake chapisha nakala zote na uhesabu kurasa. Weka vibandiko kila panapohitaji saini, ufupisho wa jina na shahidi. Majina yalingane na vitambulisho vya NIDA. Picha za pasipoti kwa hati za ardhi, lakiri ya kampuni kama inatumika, wino wa mhuri, kalamu za bluu zaidi ya moja. Anayesaini kwa niaba ya mwingine aje na hati ya uwakilishi, na uwe umeisoma.

Usiandike tarehe kwenye mikataba mpaka wakili akuambie. Siku zote zile zinaanza kuhesabiwa hapo. Kila mtu akishasaini, pitia ukurasa kwa ukurasa kabla hajainuka kwenye kiti, kwa sababu mkurugenzi akishapanda ndege kwenda Dubai, saini iliyosahaulika itakugharimu wiki nzima.

## Muda na fedha

Ofisi zinazotoza kwa saa hugawa saa moja vipande kumi vya dakika 6. Andika papo hapo. "Kazi ya jalada, saa 3" haiwezi kutozwa, "Kupitia taarifa ya BRELA na kulinganisha wakurugenzi na mkataba wa 2021, saa 1.2" inaweza. Usijipunguzie muda kwa kuona aibu kwamba umechelewa; wakili ndiye anayeamua nini kifutwe kwenye bili.

Kila shilingi uliyotoa kwa jalada iwe na risiti, na uirudishe siku hiyohiyo. Ukiombwa "ya maji" popote ili jalada lisogee, jibu ni hapana, kisha umwambie wakili siku hiyo. Usilitatue mwenyewe kimyakimya kutoka mfukoni mwako. Kuhusu posho, ulizia mwanzoni bila haya. Ofisi nyingine hutoa nauli, nyingine hazitoi kitu, na ni afadhali ujue kabla hujapanga chumba Kimara.

## Usivyoweza kufanya

Husaini barua ya ushauri. Hushuhudii kiapo. Nyaraka za kisheria zinaandikwa jina na anwani ya aliyeziandaa, na jina hilo ni la wakili. Binamu akikuomba umwandikie mkataba wa kuuza kiwanja "kwa bei ya kishkaji", mlete ofisini. Mteja akikupigia simu kuuliza "kwa hiyo niko salama?", mwambie utamfikishia wakili, andika swali lake neno kwa neno, na umfikishie kweli.

Siri haina nusu. Usizungumze jina la mteja kwenye lifti, kwenye mwendokasi, wala kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja nawe. Picha ya meza yako yenye jalada nyuma ni taarifa imetoka. Na kabla ofisi haijapokea mteja mpya, utaombwa kukusanya vitambulisho na kujua fedha zinatoka wapi. Mawakili wana wajibu huo chini ya sheria ya utakasishaji fedha haramu, kwa hiyo usiichukulie fomu ile kama usumbufu wa mapokezi. Taja pia mwenyewe kama ndugu yako anafanya kazi upande wa pili wa shauri.

## Unapoondoka

Wiki mbili kabla ya muda wako kwisha, andika hati ya makabidhiano kwa kila jalada uliloligusa: limefikia wapi, kinachosubiriwa kutoka kwa nani, tarehe inayofuata, nakala halisi ziko kabati gani. Rudisha hatimiliki na vyeti halisi vyote kwa kusainiana na karani. Futa nyaraka za wateja kwenye simu na kompyuta yako binafsi.

Daftari lako la mafunzo ulijaze kila jioni tangu mwanzo, kwa kutaja aina ya kazi bila majina ya wateja, na ulipeleke lisainiwe kila wiki. Barua ya uthibitisho iombe mapema na uiandae wewe mwenyewe rasimu yake. Wiki yako ya mwisho wakili wako huenda akawa Dodoma kwenye shauri, na Law School haitamsubiri arudi.